Shoki za umeme: usikubali fundi avute waya

Ukifika Mtito Andei kutoka Mombasa, umeingia Makueni na umemaliza nusu ya safari ya Nairobi. Hadi hapo ni lami. Lakini wengi wetu wenye jamaa au biashara bara hukata kona Kibwezi kuelekea Ikutha, Mutomo na Kitui kwa barabara ambayo nayo sasa ni lami, kisha tukaiacha na kuingia njia za vijijini za vumbi na mito ya mchanga. Huko ndiko shokomzoba, au shoki kama wasemavyo mafundi, hujulikana nzima na mbovu.

Baadhi ya magari tunayoyatoa bandarini kutoka Japani, kama vile Toyota Crown na Land Cruiser Prado za bei ya juu, yana shoki za umeme. Kompyuta ya gari husoma mwendo na mtikisiko, kisha hufungua au kubana njia ya mafuta ndani ya shoki, ili iwe laini au ngumu.

Taa ya onyo ikiwaka, ndugu msomaji, usikimbilie kununua. Plagi iliyojaa vumbi au waya uliokatika huwasha taa ileile. Gari lipimwe kwa mashine kwanza. Ukiona mafuta yanachuruzika mwilini mwa shoki, hapo imekwisha.

Kazi yenyewe huenda hivi. Gari lizimwe na waya hasi wa betri utolewe. Liinuliwe kwa jeki, kisha likae juu ya stendi imara. Plagi ya shoki ifunguliwe kwa kubonyeza kishikizo chake, si kwa kuvuta waya. Kwenye Toyota za zamani kuna mota ndogo juu ya shoki. Itolewe kwanza, na upande ilikoelekea utiwe alama. Ndipo zifuate bolti ya chini na nati za juu. Nati ya katikati isiguswe kabla springi haijabanwa kwa kifaa chake; springi ikifyatuka huua mtu.

Shoki mpya zifungwe mbili kwa pamoja, kushoto na kulia, zenye namba inayolingana na gari lako. Bolti za chini zikazwe mwisho magurudumu yakiwa yamekanyaga chini, mipira isije ikachanika. Usukani uzungushwe pande zote kuhakikisha waya haugusi gurudumu. Kisha makosa yafutwe kwenye kompyuta na magurudumu yapimwe mlingano.

Kuna mafundi watakaokushauri ufunge shoki za kawaida na waya uachwe ukining'inia. Gari litatembea, lakini taa itabaki inawaka, na siku kasoro nyingine ikitokea kwenye mfumo huo hutaijua. Ukitaka za kawaida, tafuta seti iliyotengenezwa kwa gari hilo, yenye kifaa cha kuunganisha kwenye plagi.

Mwisho, lijaribu gari papa hapa mjini siku mbili tatu kabla ya safari. Kasoro ikijitokeza Changamwe utarudi kwa fundi wako. Ikijitokeza usiku kati ya Ikutha na Mutomo, una watoto garini, utamrudia nani?