Jeraha la Kichwa cha Mtoto, Tumboni na Baada ya Kuzaliwa

 

Huku Kyela, kuanzia Itungi hadi Matema, panga la kufyekea migomba na kakao halikosi nyumbani. Ugomvi ukizuka, chuma hicho huweza kumfikia mja mzito, au mchanga aliye mgongoni mwa mamaye. Wapo watakaosema ni kitoto tu, yaishe kwa mbuzi mmoja. Sheria haikuliona jambo hivyo.

Amepokea Abu Hurayra (R.A.), katika Bukhari na Muslim, kuwa wanawake wawili wa Hudhayl walipigana, mmoja akamrushia mwenzake jiwe, akafa yeye na kilichomo tumboni. Mtume (S.A.W.) akahukumu kwa ajili ya mtoto ghurra, yaani mtumwa, mume au mke. Mtu mmoja akahoji: vipi alipiwe asiyekula, asiyekunywa wala kulia? Mtume akayafananisha maneno yake ya vina na ya makuhani, na hukumu ikabaki. Wanazuoni wameikadiria ghurra kwa ngamia 5. Ni mali ya warithi wa mtoto, na baba aliyempiga mkewe hana fungu humo.

Hayo ni akitoka maiti. Akitoka hai, hata kwa kilio kimoja, kisha akafa kwa jeraha lile lile, ni diya kamili. Kwa mtoto wa kiume, ngamia 100. Basi mkunga aulizwe vizuri: alilia?

Ama mchanga aliyetobolewa kichwa akaishi, jeraha likifika utando wa ubongo huitwa ma'muma, nalo lina theluthi ya diya. Fuvu lake ni jembamba na utosi laini, lakini hilo halimpunguzii aliyejeruhi. Kinachopimwa ni kina cha jeraha, si umri.

Mahakama za Tanzania hazihukumu diya katika jinai. Hata hivyo kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu humhesabu mtoto kuwa mtu awezaye kuuawa mara atokapo mzima mzima mwilini mwa mama akiwa hai, hata kama hajapumua. Mbuzi wa sulhu haifuti kesi hiyo.

Na kabla ya kuhesabu ngamia, chuma kilichokwama kichwani kisichomolewe nyumbani. Mtoto akimbizwe hospitali, na mwingine aende polisi kuchukua PF3. Matibabu yasisubiri karatasi.