Simu Peke Yake Haimgeuzi Mgonjwa

Kijana akiruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kuumia uti wa mgongo, ndugu humshukuru Mungu kwamba amepona. Kumbe kazi kubwa ndiyo kwanza inaanza. Inaanzia nyumbani, kwenye chumba cha Viwanja Sitini au Lipangalala, hapa mjini Ifakara, mikononi mwa mama au mke ambaye pengine hakuna aliyemfundisha.

Bonde la Kilombero halikosi mahali pa kuumizia mgongo. Kuna miembe na minazi ya kukwea, magunia ya mpunga yanayobebwa kichwani kwenye mashine za kukoboa, na bodaboda zinazopakia kupita kiasi. Utafiti uliofanywa kaskazini mashariki mwa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa karibu nusu ya majeraha ya aina hii yalitokana na kuanguka, ajali za barabarani zikifuata. Kutoka Ifakara hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, ni zaidi ya kilometa 400. Mtu asiyeweza kukaa wima hapandi basi kirahisi, na gari la kukodi lina bei yake. Familia ikipiga hesabu, kliniki inaahirishwa.

Ndiyo maana huduma ya mbali, yaani nesi au mtaalamu wa fiziotherapia kumfuatilia mgonjwa kwa simu, ina maana kubwa huku. Lakini thamani yake iko kwenye maswali yanayoulizwa. “Unaendeleaje?” hujibiwa “Nzuri tu”, na simu inakatwa.

Chukua vidonda vya mgandamizo. Mtu asiyehisi makalio yake hajui kama nyama imeanza kufa. Akiwa kitandani, kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Akiwa kwenye kiti mwendo, anatakiwa ajinyanyue kwa mikono au ajiegemeze upande mara kwa mara. Vitabu husema tazama wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, sembuse kwenye picha ya simu iliyopigwa usiku. Kwa hiyo anayepiga simu amwambie mlezi aguse: pana joto kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu? Aulize pia mgonjwa anakalia nini. Wapo wanaokalia tyubu ya gari wakidhani ni laini, kumbe duara lile linabana damu isifike katikati.

Kwa aliyeumia sehemu ya juu ya mgongo, kichwa kinachouma ghafla huku jasho likimtoka usoni si malaria mpaka ithibitishwe. Huenda mpira wa mkojo umejikunja au umeziba, na shinikizo la damu linapanda kwa kasi ya kuua. Akalishwe wima, nguo zinazobana zilegezwe, mpira ukunjuliwe, na kama hali haitulii akimbizwe hospitali. Maelekezo hayo hata simu ya kitochi inayafikisha.

Hata hivyo tusidanganyane. Nchini Bangladesh, watafiti waliwafuatilia watu 410 waliorudi nyumbani na jeraha hili. Nusu walipangiwa kupigiwa simu mara 36 na kutembelewa mara tatu katika miaka miwili; wengine walipata huduma ya kawaida. Miaka miwili ilipokwisha, vifo havikutofautiana kati ya makundi hayo. Kwangu hilo si sababu ya kuitupa simu, ni onyo kwa wanaotaka kuigeuza njia ya mkato. Unaweza kumkumbusha mtu kila wiki kubadili mpira wa mkojo ukitaka. Kama hana wa kubadilishia, umempigia kelele tu.

Bonde hili la Kilombero lina uzoefu wa kufikisha huduma kwa miguu. Tangu mwaka 1996 wahudumu wa Taasisi ya Afya Ifakara wamekuwa wakipita kaya kwa kaya kuandikisha vizazi na vifo, na mwaka 2011 mradi wa Connect ulianza kupeleka wahudumu wa afya ya jamii, WAJA, vijijini Kilombero, Ulanga na Rufiji. Mfumo wa simu ungeegemea hapo: mtaalamu anasikia dalili mbaya, anamtuma mhudumu aliye karibu, mhudumu anakwenda na godoro, mto wa kukalia au mpira mpya mkononi. Kiti kikipinda gurudumu, mji huu uliojaa baiskeli una mafundi ambao wangekinyoosha wakionyeshwa mara moja.

Gharama ipo, na mahali pa kuanzia ni siku ya kuruhusiwa. Mgonjwa asitolewe wodini kabla mlezi hajamgeuza, hajamsafisha na hajambadilishia mpira mbele ya nesi; kabla hajapewa vifaa vya miezi ya mwanzo; na kabla hajaandikiwa jina la mhudumu wa mtaani kwake na namba inayopokelewa. Hospitali na halmashauri zikishindwa hayo, zisitangaze kwamba zina huduma ya mbali.