Shibe ya Ndizi na Udumavu wa Watoto Wetu

NDUGU msomaji, apitaye barabara ya Bukoba kwenda Muleba huona migomba imezizunguka nyumba, akadhani njaa haina pa kuingilia. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-2016 ulibaini kuwa mkoani Kagera watoto wapatao 4 katika kila 10 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, yaani kimo chao hakikulingana na umri wao. Iweje mtoto adumae penye shibe?

Jawabu limo ndani ya sahani. Ndizi hutia nguvu, lakini ina uhaba wa protini na mafuta. Mtoto alishwaye ndizi tupu asubuhi na jioni hujaa tumbo, ilhali mwili wake umebaki na njaa. Mwenye uwezo huongeza maziwa, yai au samaki. Maskini, hata yule aishiye kando ya Ziwa Victoria, huwauza samaki wake apate chumvi na sabuni.

Hasara haiishii kwenye kimo. Watafiti waliozifuatilia kaya za Kagera tangu mwaka 1991, wakazirudia mwaka 2004, waligundua kuwa waliokosa lishe bora utotoni walichelewa kuanza shule na wakasoma madarasa machache. Hivyo ndivyo umaskini wa mzazi unavyorithiwa na mwana kupitia chungu.

Upande wa pili kuna waliozidisha. Nchini, wanawake wenye uzito uliozidi walikuwa 28 katika 100 mwaka 2015-2016, wakafikia 36 mwaka 2022, wengi wao wakiwa wa mijini na wenye nafasi. Kisukari na shinikizo la damu huandamana na hali hiyo. Katika Surat Al-A'raf tumeruhusiwa kula na kunywa, tukakatazwa israfu. Nasi katika walima zetu twamwongezea soda mgeni aliyekwisha kushiba.

Tunazinasihi familia: mtoto akitimiza miezi sita, ndizi zake zipondwe pamoja na maharage au dagaa waliosagwa, mchicha na parachichi. Na mwenye kuandaa walima apunguze kreti moja ya soda, fedha yake inunue mayai kwa ajili ya mtoto wa jirani. Sadaka hiyo itamponya mtoaji na mpokeaji.

Allah atuwafikishe. Amin.