Kutoka kwa mayaya wa Kawangware hadi kwa mabibi wa Nairobi

KAMA nyumbani kwenu kulikuwa na runinga miaka kumi hivi iliyopita, bila shaka unaikumbuka The Real Househelps of Kawangware. Kipindi hicho cha KTN, kilichosaidia kumtambulisha Njugush kwa Wakenya, kilikuwa mzaha tangu jina lake. Wamarekani walikuwa na Real Housewives wao, wanawake wa pesa wakirushiana maneno mezani huku mvinyo ukimiminwa. Sisi tukawajibu na mayaya wa Kawangware. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa utani huo.

Februari 2023 utani ukageuka kuwa biashara. Showmax ilizindua The Real Housewives of Nairobi, hii sasa ikiwa yenyewe, jina na mtindo vikiwa vimetoka Marekani. Tukaonyeshwa akina Vera Sidika, Susan Kaittany na Minne Kariuki, magari makubwa, mikoba ya bei, karamu zinazoishia kwa ugomvi. Mtandaoni watu hawakulala. Kila wiki kulikuwa na kipande kipya cha kugombaniwa X na TikTok, huyu akisema fulani ni feki, yule akitetea upande wake kama vile ni uchaguzi mkuu. Nao mayaya? Kama walionekana, ni wale waliopita na trei.

Wazazi wetu wakisema TV imeharibika, mara nyingi huanza na maadili. Watakutajia nguo fupi, matusi, watu wazima kuanika siri za chumbani. Lalama hizo zina ukweli wake, lakini nadhani zimelenga kando. Mimi kinachonisumbua ni swali jingine. Nani siku hizi huonekana kwenye skrini, na nani ametolewa bila hata kuagwa?

Hebu rudi nyuma kidogo. Katika Vioja Mahakamani ya KBC, walioletwa kizimbani walikuwa akina Ondiek Nyuka Kwota, Masanduku arap Simiti na Tamaa bin Tamaa, kwa makosa ambayo hata jirani yako wa ploti angeweza kuyafanya. Walijitetea kwa Kiswahili chenye lafudhi za kwao, na mtazamaji akicheka alikuwa pia anajifunza jinsi mahakama inavyoendeshwa. Vitimbi ilikuwa na Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang' kwa miaka na mikaka hadi alipofariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, lakini lafudhi ya Kijaluo aliikamata hivi kwamba wengi walishangaa walipoambiwa. Huo ni ufundi, si bahati.

Citizen nao wakatupa Papa Shirandula. Shujaa wa kipindi kizima alikuwa soja wa getini! Charles Bukeko alimvalisha mlinzi huyo utu, ujanja na tumbo la kuchekesha mpaka nchi nzima ikamjua, na alipofariki Julai 2020 vilio vilisikika kutoka ikulu hadi kwenye vibanda vya chai. Machachari ilikuwa na watoto, akina Baha na Govi, wakicheza na kugombana kama watoto wa mtaa wowote. Tahidi High ilikuwa shule ya upili yenye mambo yale yale uliyoyaona kwenu: mapenzi, mtihani, mwalimu mkali, rafiki msaliti.

Tusidanganyane hata hivyo. Vipindi hivyo havikuwa vya kifahari. Seti zilikuwa chache, sauti wakati mwingine ilisikika kama ya mtu aliye ndani ya tangi la maji, na baadhi ya vichekesho vilirudiwa hadi vikachacha. Kwa picha, runinga ya leo ni safi mara kumi. Kwa hivyo anayesema ubora umeshuka hasemi kuhusu kamera. Kilichopungua ni kazi ya kuwaza kabla kamera haijawashwa.

Na kazi hiyo ina gharama. Tamthilia huanza na mwandishi, au kundi la waandishi, wanaokaa wiki kadhaa wakipanga nani atamsaliti nani na kwa nini. Rasimu inaandikwa, inakataliwa, inaandikwa tena. Kisha watafutwe waigizaji, wafanye mazoezi, seti ijengwe, mavazi yanunuliwe, taa zipangwe, na mvua ikinyesha siku ya kupiga picha nje, hasara. Kipindi cha uhalisia kinaruka karibu nusu ya orodha hiyo. Nyumba ni ya mhusika. Gari ni lake au la kukodi. Nguo ni zake, tena pengine ameletewa na duka linalotaka kuonekana. Mhusika mwenyewe anaweza kukubali malipo madogo kwa sababu anachotafuta hasa ni wafuasi Instagram. Halafu kuna mdhamini, ambaye chupa yake itawekwa katikati ya meza, lebo ikitazama kamera. Ukiwa meneja wa stesheni na hesabu zako zinasoma nyekundu, ungechagua kipi?

Hesabu zenyewe zilianza kusoma nyekundu kwa sababu tunazozijua. Hadi 1990, KTN ilipoingia hewani, nchi nzima ilikuwa ikitazama stesheni moja tu ya serikali. Februari 2015 mitambo ya analogi ikazimwa. Utakumbuka jinsi Citizen, NTV na KTN zilivyotoweka kwa zaidi ya wiki mbili katika vuta nikuvute ile ya ving'amuzi. Baada ya hapo chaneli ziliongezeka kama uyoga, pesa za matangazo zikagawanywa vipande vidogo zaidi, na vipande vingine vikahamia Facebook na YouTube. Serikali nayo, mtangazaji mkubwa kuliko wote, imekuwa ikidaiwa mabilioni na vyombo vya habari. Soja wa getini hana chake hapo.

Mtindo huu haukuzaliwa Nairobi, bila shaka. Big Brother ilianzia Uholanzi mwaka wa 1999. Miaka miwili baadaye uhalisia ulikuja kwetu bila hata kubisha hodi: Wamarekani 16 wa kipindi cha Survivor waliletwa Hifadhi ya Shaba, Isiolo, wakae siku 39 wakihangaikia chakula na maji ili mmoja wao aondoke na dola milioni 1. Fikiria hilo kwa utulivu. Isiolo, ambako ukame huwatesa wafugaji bila kamera wala zawadi, iligeuzwa uwanja wa kuchezea kiu.

Mwaka wa 2003 ikaja Big Brother Africa. Kenya ilimtuma Alex Holi, Uganda ikamtuma Gaetano Kagwa, ambaye baadaye alikuja kutangaza redio papa hapa Nairobi, na Cherise Makubale wa Zambia akanyakua ushindi. Kisha 2006 tukapata ya kwetu, Tusker Project Fame. Hapa nitasimama kidogo kwa sababu wanaopinga uhalisia wote kwa jumla huisahau. Ile ilikuwa shule ya muziki iliyorekodiwa. Valerie Kimani wa Kenya alishinda awamu ya kwanza, na miaka iliyofuata taji likazunguka hadi kwa Alpha Rwirangira wa Rwanda, Ruth Matete wetu, na Hope Irakoze wa Burundi mwaka wa 2013. Ulikuwa unamwona mtu akiingia hajui kupumua vizuri anapoimba, wiki kadhaa baadaye anaimba mpaka unasimamisha kijiko. Afrika Mashariki nzima ilikuwa sebuleni mwako, ikipigiwa kura kwa SMS.

Shamba Shape Up, iliyoanza 2012, nayo ni uhalisia. Wataalamu wanafika kwa mkulima halisi, wanakagua kuku wake, mahindi yake, zizi lake, wanatengeneza kilichoharibika na mtazamaji anajifunza. Hakuna anayemwagiwa mvinyo. Kwa hivyo tatizo haliko kwenye kupiga picha watu halisi. Tatizo ni kwamba siku hizi mtu halisi lazima awe tajiri, maarufu, au awe tayari kupiga kelele.

Tena neno lenyewe, uhalisia, ni la kutiliwa shaka. Kamera ikikaa na watu siku nzima, kinachoonyeshwa ni dakika chache, na anayechagua dakika hizo ndiye mwandishi wa kweli, ingawa jina lake halitajwi hivyo. Anaweza kuchukua jicho ulilomkazia mhudumu aliyechelewesha chakula akalibandika pale mwenzako anapotaja ndoa yake. Anaweza kukata sentensi yako mbili akaziunga ikawa moja ambayo hukuisema. Mwelekezi anaweza kukunong'onezea, "Si umuulize yale aliyosema juu yako?" halafu akarudi nyuma ya kamera kusubiri moto. Hiyo ni tamthilia, ila imeandikwa baadaye, na aliyeigiza hakupewa nakala ya mswada.

Hapo ndipo kuna jambo zito kuliko mvinyo kumwagwa. Mwigizaji wa Tahidi High akicheza mwovu, tulimchukia Jumatatu na tukampa tano tukikutana naye Tom Mboya. Mshiriki wa kipindi cha uhalisia akihaririwa kuwa mwovu, matusi yanaingia kwenye simu yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, usiku kucha, na watoto wake wanayasoma. Uingereza ililijifunza hili vibaya. Mwaka wa 2019 ITV iliiondoa hewani The Jeremy Kyle Show baada ya mshiriki kufariki muda mfupi tu baada ya kurekodiwa. Wabunge wakaanza uchunguzi kuhusu vipindi vya aina hiyo, na kufikia 2021 mdhibiti wao, Ofcom, alikuwa na kanuni mpya za kulinda afya na utu wa washiriki. Huku kwetu mjadala umebaki zaidi kwenye maadili ya watazamaji: watoto wasione nini kabla ya saa nne usiku. Anayetazamwa hatumzungumzii sana.

Lugha pia imebadilika, ingawa hilo nitaligusia tu. Tausi, tamthilia ya KBC ya miaka ya tisini, ilifanya familia zikae kimya kusikiliza Kiswahili kikizungumzwa kwa raha. Vipindi vya mabwanyenye vinaendeshwa kwa Kiingereza, Kiswahili kikichomoza mtu anapokasirika kikweli au anapozungumza na dereva. Labda hapo ndipo uhalisia huwa halisi.

Je, tamthilia imekufa? La hasha. Maria ya Citizen, iliyoanza 2019, iliwafunga watu nyumbani kila jioni kwa hadithi ya msichana yatima wa mtaa wa mabanda anayeingia jumba la matajiri. Zora ikafuata, kisha Sultana, iliyotuhamishia Pwani na kumfanya msichana asiyeona kuwa kiini cha hadithi. Unaweza kuzisuta kwa kufuata nyayo za tamthilia za Mexico, mpenzi tajiri na mama mkwe mwenye roho mbaya kila mahali. Mimi huzisuta. Lakini kuna mwandishi aliyelipwa, kuna waigizaji kadhaa vijana waliopata kodi ya nyumba, na watu walitazama. Anayedai Wakenya wamechoka na hadithi za kubuni hana ushahidi.

Na hili linawahusu vijana kwa namna ya moja kwa moja. Tahidi High haikuwa burudani tu, ilikuwa karakana. Sarah Hassan alitokea pale, miaka mingi baadaye akaongoza Crime and Justice ya Showmax.  Abel Mutua alikuwa akiigiza na kuandika pale pale, akajifunza kazi wiki baada ya wiki, akikosea na kurekebisha mbele ya taifa. Sasa fikiria kijana aliyemaliza chuo mwaka huu akiwa na diploma ya uandishi wa filamu. Abishe wapi? Kipindi cha uhalisia kitamhitaji abebe maikrofoni, au akae kwenye kompyuta akitafuta jicho lililokazwa. Kuandika mazungumzo ya watu wanne ndani ya chumba kwa nusu saa, kila Alhamisi, miaka mitatu mfululizo, hakuna anayemlipa ajifunze.

Atakwambia kuna YouTube. Ni kweli, na Abel Mutua mwenyewe ni shahidi. Huketi mbele ya kamera akasimulia kisa kimoja kwa muda mrefu, bila jumba wala gari, na maelfu ya vijana wale wale wanaosemekana hawawezi kutulia zaidi ya sekunde 15 humsikiliza hadi mwisho. Njugush naye anajaza kumbi. Lakini wote wawili waliingia mtandaoni wakiwa tayari wamepikwa na runinga. Kijana wa Githurai mwenye simu anaweza kutengeneza kichekesho cha dakika tatu akiwa mama, baba na mtoto kwa kubadilisha leso kichwani, na akachekesha kweli. Mahakama nzima, yenye hakimu, kiongozi wa mashtaka, karani, askari na mshtakiwa aliyeiba kuku wa mama mkwe wake, haiwezi kuchezwa na mtu mmoja mwenye leso. Hiyo inahitaji stesheni iliyokubali kulipa watu kumi wiki hii, na wiki ijayo tena.