Saa Nane ni Saa Ngapi? Lugha Katika Chumba cha Daktari

Bibi mmoja alikuja na mjukuu wake wa kiume, mtoto wa darasa la tano au la sita hivi, wametokea kisiwani. Nilimwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika "Marahaba" vizuri kabisa, nami nikadhani tumeelewana. Kumbe Kiswahili chake kilikuwa kimeishia hapo. Kila nilichouliza kilipitia kwa mtoto. Bibi alieleza kwa Kisukuma, maelezo marefu, mtoto akainamisha kichwa na kunijibu maneno mawili: "Tumbo linamuuma." Nikageuza swali. Tumbo. Nikaandika vipimo vya choo na mkojo, kama ilivyo desturi yetu huku ziwani kwenye kichocho kingi.

Aliyetuokoa ni mhudumu wa wodi, mama wa Kisukuma aliyekuwa akipita na ndoo yake. Nilimwita, nikamwomba mtoto akasubiri nje. Yule mama akaketi karibu na bibi: "Mwangaluka, mayu." Hazikupita dakika tano nikajua ninachotibu. Bibi alikuwa akitokwa na damu ukeni, na hedhi yake ilikoma zaidi ya miaka kumi nyuma. Hakuweza kulitamka hilo mbele ya mjukuu wa kiume, na mjukuu, hata angelisikia, angelitamkaje mbele yangu? Damu inayokuja baada ya hedhi kukoma si dalili ya kupuuzwa, maana saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Siku hiyohiyo tulimwandikia rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza.

Tangu hapo sikubali tena mtoto awe mkalimani wa mgonjwa.

Tunajivunia Kiswahili, na tuna haki. Lakini fahari hiyo imetufanya tuone kwamba kila Mtanzania anaweza kueleza ugonjwa wake kwa Kiswahili, na si kweli. Wilaya yetu ya Sengerema, mkoani Mwanza, asili yake ni Uzinza. Wasukuma wamehamia kwa wingi, na visiwani utakutana na Wakerewe, Wajita na Wakara. Kijana wa mwaloni anaongea Kiswahili cha kutosha na kubaki. Nyanya yake, aliyezeeka shambani, anajua cha salamu na cha sokoni. Maumivu hayasemeki kwa lugha ya sokoni.

Madaktari wa Kiholanzi walipokuwa wakihudumu Hospitali Teule ya Sengerema, hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mkalimani anatakiwa. Hata Kenya ilipowapokea madaktari 100 hivi kutoka Cuba mwaka 2018, suala la lugha lilizungumzwa mapema, kwa sababu wageni wale walikuwa wasemaji wa Kihispania. Leo daktari wa Sengerema ni Mtanzania mwenzetu, pengine mzaliwa wa Kilimanjaro au Mbeya, aliyepangiwa kituo huku na ajira za serikali. Kwa kuwa anafanana nasi, ukuta uliopo kati yake na bibi hauonekani. Ukuta usioonekana hakuna anayejishughulisha kuubomoa.

Madhara yake yanajulikana duniani. Mwaka 1980 huko Florida, Marekani, kijana wa miaka 18 alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Ndugu zake, wasemaji wa Kihispania, walisema yuko "intoxicado". Kwao neno hilo lina maana ya mtu aliyedhuriwa na alichokula au kunywa. Madaktari walilisikia kwa masikio ya Kiingereza, wakaelewa kwamba amelewa dawa za kulevya, wakamtibu hivyo. Kumbe damu ilikuwa ikivuja kwenye ubongo. Alipona akiwa amepooza mikono na miguu yote, na fidia iliyokubaliwa ilikadiriwa kufika dola milioni 71. Hakuna aliyesema uongo pale. Kila upande uliamini umeelewa.

Nchini humo, sheria ya haki za raia ya mwaka 1964 ndiyo msingi wa kuzidai hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu zimpatie mgonjwa asiyejua Kiingereza mkalimani. Maana yake mkimbizi wa Kongo anayesema Kiswahili anaweza kudai mkalimani ugenini, ilhali bibi wa Kisukuma anategemea bahati ya mama mwenye ndoo kupita mlangoni, tena wilayani kwake.

Na hata Kiswahili chenyewe kina mitego. Chukua dawa mseto ya malaria: dozi 6 kwa siku 3, na ya pili humezwa saa nane baada ya ile ya kwanza. Kwenye dirisha la dawa mgonjwa huambiwa, "Nyingine umeze baada ya saa nane." Ikiwa ya kwanza ameimeza saa nne asubuhi, ya pili inatakiwa saa kumi na mbili jioni. Lakini kwa masikio ya kawaida, saa nane ni saa nane mchana! Anameza saa nne tu baada ya ile ya kwanza, naye anaamini ametii. Walimu wa Kiswahili wanakataza "masaa manane". Dirishani kwa dawa mimi siyakatazi, maana hayachanganywi na saa nane ya mchana. Lililo bora zaidi ni kutaja wakati wenyewe: "leo jioni, jua likizama."

Hali ni hiyohiyo kwa ile bahasha ya dawa iliyoandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu. Tunasema "kutwa mara tatu", na kutwa ni kuanzia asubuhi hadi jua linapotua. Wapo wanaomaliza vidonge vyote vitatu kabla ya magharibi, usiku mzima mwili unabaki bila dawa.

Tufanye nini? La kwanza halina gharama: tuache kuuliza "Umeelewa?" Mzee mwenye adabu zake ataitikia "Ndiyo" hata kama hakuambulia neno, kwa kuwa kumwambia daktari "sijakuelewa" anaona ni kumvunjia heshima. Mwombe akurudishie: "Mama, ukifika nyumbani utaimezaje hii?" Jibu lake litakuonyesha. Pili, lugha ya mgonjwa iandikwe kwenye faili, jirani na umri wake, ili wa zamu ya usiku naye ajue. Tatu, wahudumu na wauguzi wanaojua Kisukuma na Kizinza wafundishwe ukalimani: kutopunguza, kutoongeza, kutunza siri. Na kazi hiyo ilipwe. Yule mama aliifanya bure, kisha akarudi kwenye ndoo yake.

Nawe unayempeleka bibi hospitali kesho, mwache mtoto shuleni. Nenda na mtu mzima anayeijua lugha yake, mwanamke kwa mwanamke ikiwezekana. Mkifika mapokezi, kabla ya kutaja ugonjwa, sema: "Huyu anaongea Kisukuma. Tunaomba anayekijua."