Mita Sitini Kutoka Wapi? Utangulizi wa Ikolojia Inayomfaa Msimamizi

Simama Mchikichini, Dar es Salaam, wakati wa masika, utazame upande wa Jangwani. Mto Msimbazi unaouona unashuka kutoka vilima vya Kisarawe na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Humo tutajifunzia.

Ikolojia ni elimu ya uhusiano wa viumbe na mazingira yao. Msimamizi wa maliasili ni yule mwenye dhamana ya kuamua kuhusu mto, msitu au pwani. Hapa, tuseme, afisa wa Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Wageni wengi wa fani hii hudhani afisa huyo anahitaji tu kupewa matokeo ya utafiti. Sivyo. Mtafiti huuliza kwa nini jambo limetokea. Afisa anataka kujua afanye nini, mahali gani, kabla mvua hazijaanza.

Chukua mashapo, yaani mchanga na tope linalobebwa na maji. Udongo humomonyoka huko juu kwenye kidakio, ambacho ni eneo lote linalotiririsha mvua yake katika mto mmoja. Ukifika Jangwani, penye tambarare, maji hupoteza kasi na udongo hutuama. Mkondo hujaa, maji yakatafuta njia nyingine. Sasa soma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Inaeleweka, ila ukingo wenyewe unahama! Afisa apime kutoka wapi? Makala ya kurasa arobaini kuhusu mmomonyoko haitamjibu. Ramani ya ukingo ulivyohama, inayokiri pia pale vipimo visipokuwa na uhakika, atatoka nayo kesho asubuhi.

Vipimo havitoki maabara peke yake. Baada ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011, mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora mitaa na mifereji. Mkazi anayekuonyesha ukutani maji yalipofika amekupa data, ingawa wapo wasomi wanaolipuuza hilo, na mimi siwaelewi.

Gumu zaidi ni hili: utafiti utakwambia maji yatafika nyumba ipi, hautakwambia nani ahame, wala alipwe nini. Usilifiche swali hilo ndani ya takwimu.

Kabla ya sura ya kwanza, mtafute afisa mmoja, umuulize ni uamuzi gani unaomsubiri kabla ya Machi.