Trei za chuma au za plastiki? Swali la akina mama wa Handeni

Akina mama wa msikiti mmoja wa Handeni wametuletea swali ambalo hatukulitarajia katika ukurasa huu wa familia. Kwa miezi kadhaa wamekuwa wakichangishana fedha kidogo kidogo baada ya darsa lao la Alhamisi, wakikusudia kutoa sadaka yenye kubaki kwa ajili ya chumba cha meno cha kituo cha afya kilicho jirani nao. Wazee wengi wa mtaa wao wameng'olewa meno na hawana ya bandia. Ugali huutafuna kwa ufizi, na nyama wameshaiaga. Tabibu aliwaeleza kuwa pale hata kipimo cha meno hakichukuliki, kwa sababu trei za kuchukulia vipimo hazipo. Mwenye shida hana budi kusafiri hadi Korogwe au Tanga, na wengi hawasafiri.

Swali lao ni hili: wanunue maboksi ya trei za plastiki, zitumikazo mara moja na kutupwa, au seti ya trei za chuma zinazotakaswa na kutumika tena? Walipiga simu katika maduka mawili ya vifaa vya tiba wakapata majibu mawili yanayopingana, kila duka likisifu kile kilichomo katika rafu zake. Nasi tukaona bora tuwaulize wale wanaozitumia. Tukateremka Korogwe kuonana na tabibu wa meno na fundi anayetengeneza meno ya bandia.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kukalia kiti kile, trei ni chombo kidogo mfano wa kijiko kipana kilichopindwa kwa umbo la taya, chenye mpini mfupi mbele. Tabibu hukoroga unga uitwao alijineti kwa maji hata ukawa uji mzito, akaujaza ndani ya trei, akaiingiza kinywani na kuishikilia kwa dakika chache mpaka uji ugande kama mpira. Akiitoa, huwa imebeba chapa ya meno na ufizi. Ndani ya chapa hiyo humiminwa plasta ya jasi, nayo ikishika hupatikana nakala ya taya la mgonjwa, ambayo juu yake fundi hujenga meno mapya. (Mmoja wa akina mama alitaka kujua iwapo unga huo una kitu cha mnyama ndani yake. Alijineti hutokana na mwani; si huu wanaoulima dada zetu wa Unguja na Pemba, bali mwani wa rangi ya kahawia wa bahari za baridi.)

Fundi wa Korogwe alianza na jambo ambalo maduka yote mawili hayakuligusa. Trei haitakiwi kujikunja. Trei nyembamba ya plastiki ikijazwa uji na kusukumwa juu ya taya, kuta zake hutanuka; ikitolewa kinywani, kuta hurudi zilipokuwa, nayo chapa hubanwa pamoja nazo. Tofauti yake ni ndogo mno kuonekana kwa jicho, lakini kinywa huitambua. Meno yaliyojengwa juu ya chapa hiyo huchezacheza mzee anapotafuna, au hukwaruza ufizi mpaka ukafanya kidonda. Baada ya wiki mbili meno hufungwa katika kitambaa na kuwekwa kabatini, yakatolewa siku za harusi tu. Fedha imetumika, safari imefanywa, na mzee amerudi kwenye uji. Zipo trei za plastiki nene zilizo imara, hilo hatulikatai, lakini zile za bei nafuu, ambazo ndizo vikundi vya sadaka huuziwa, mara nyingi ni laini.

Hata hivyo plastiki ina hoja yake, na ni hoja nzito. Trei inayotupwa haimpelekei mgonjwa wa pili maradhi ya mgonjwa wa kwanza. Kinywani kuna mate, na mara nyingi kuna damu. Na kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi. Kwa hiyo anayesema chuma ni bora kwa kuwa kinadumu, kisha akanyamaza hapo, amesema nusu ya maneno. Chuma ni bora pale tu ambapo kinatakaswa.

Na kutakasa si kuosha kwa sabuni, wala si kuchemsha katika sufuria. Maji yakichemka hufika nyuzi joto 100, na vipo vijidudu vyenye ganda ambavyo havifi kwa joto hilo. Panatakiwa mashine ya mvuke wenye shinikizo, ile ambayo wahudumu huiita otokilevu, iutie mvuke kwenye nyuzi 121 kwa dakika zisizopungua 15, au nyuzi 134 kwa dakika 3, hesabu ikianza baada ya mashine kufikia joto hilo na si tangu ilipowashwa. Kwa kuwa umeme wa wilayani una tabia zake, ipo mitungi midogo ya aina hiyo, mfano wa sufuria kubwa ya shinikizo, ambayo huwekwa juu ya jiko la gesi au la mkaa nayo hufanya kazi sawasawa.

Hapa tuseme jambo lililotusikitisha. Katika kituo kimoja, ambacho hatukitaji wala hatutaji wilaya yake, tuliwahi kukuta trei za plastiki za kutupwa zimeoshwa na kupangwa juu ya taulo zikisubiri mgonjwa mwingine. Mhudumu hakuwa mtu mbaya. Boksi lilikuwa limekwisha na jipya halijaja. Plastiki ile haistahimili mvuke, ikitiwa hupinda, kwa hiyo haikuwa safi wala haikuwa na umbo lake. Boksi la plastiki hakika litakwisha. Kituo kinachopima wagonjwa kumi kwa mwezi, juu na chini, kinahitaji trei 20, yaani 240 kwa mwaka, na mwaka wa pili tena vivyo hivyo. Je, akina mama wa Handeni watachangishana kila mwaka?

Kwa hiyo rai yetu inaelekea kwenye chuma, lakini si chuma chochote. Sokoni zipo aina tatu. Za alumini ni nyepesi na rahisi. Hupindika kwa mkono, na dawa kali za kusafishia huzila. Za shaba iliyopakwa kromu hung'aa sana zikiwa mpya, ila kromu ikianza kubanduka, shaba hujitokeza, uso ukawa na mabaka yanayoshika uchafu, na hapo trei imekwisha kazi yake. Ya tatu ni ya chuma kisichoshika kutu. Bei yake iko juu kuliko hizo mbili, nayo ikitunzwa hutumika kwa miaka mingi. Wapo wanaojaribu chuma hiki kwa sumaku wakidhani kwamba kikinata basi ni cha bandia. Sumaku si hakimu katika jambo hili, kwani zipo aina halali za chuma hicho zinazonata. Bora kutazama maungio ya mpini, kupitisha kidole kwenye kingo kuona kama hazikwaruzi, na kuibana trei kwa vidole viwili: ikiinama, irudishwe dukani.

Kuchagua madini kwa sababu ya tabia yake mwilini si jambo geni kwetu Waislamu. Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, kabla ya Uislamu, akajitengenezea pua ya fedha. Fedha ile ikamharibikia na kutoa harufu, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie pua ya dhahabu. Habari hiyo wameipokea Abu Daud na Tirmidhi, na wanazuoni wameitegemea katika kujuzisha kufunga meno kwa dhahabu kwa mwenye haja, ingawa dhahabu ni haramu kwa mwanamume kuwa pambo. Fedha ilikuwa rahisi zaidi na ilikuwa halali. Ilichokosa ni kustahimili unyevu wa mwili.

Tukirudi kwenye trei, tabibu alipendekeza zile zenye matundu. Uji wa alijineti hupenya katika matundu na kujishikiza, hivyo haubanduki wakati trei inapovutwa kutoka kinywani. Gharama yake ni kazi ya kusafisha: kila tundu lisuguliwe kwa brashi ngumu mara tu kipimo kinapotolewa, maana alijineti ikikaukia humo, mvuke hauufikii uchafu ulio chini yake. Zisilazwe katika klorini usiku kucha, kama wengine wafanyavyo kwa nia njema. Klorini hula chuma, hata hicho kisichoshika kutu.

Kuhusu ukubwa, maduka hupenda kuuza seti ya kati, juu na chini, kwa kauli kwamba inawafaa watu wengi. Haitoshi. Kati ya trei na meno panatakiwa nafasi ya milimita tatu hadi tano kila upande, tuseme unene wa punje ya mahindi. Ikiwa nyembamba mno hugusa meno na kuharibu kipimo; ikiwa pana mno humtapisha mgonjwa. Tabibu hujaribu moja, akaiona ndogo, akachukua nyingine. Na ile ya kwanza, japo haikutiwa uji, imeshaingia kinywani na lazima nayo iende kwenye mvuke. Kama mashine huwashwa mara moja kwa siku na wagonjwa ni wanne, seti moja itawafikia mmoja au wawili. Ni afadhali seti mbili au tatu kamili za saizi zote kuliko vifaa vya aina kumi tofauti. Na kwa kuwa walengwa ni wazee, ziwepo zile za taya lisilo na meno kabisa, ambazo kuta zake ni fupi na sakafu yake ni ya mviringo. Za wenye meno hazifai badala yake.

Akina mama walikuwa wameuliza pia kama jina la kikundi chao linaweza kuchongwa kwenye kila trei. Tunawaomba wasifanye hivyo. Mchongo ni mfereji wa uchafu. Hati ya wakfu iandikwe kwenye karatasi na ikae kwenye faili la kituo.

Limebaki suala la njia. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 hivi za lami, na basi husimama linapotaka. Chapa ya alijineti haiwezi safari hiyo. Ikiachwa wazi hukauka na kusinyaa, ikilowekwa majini huvimba, na vyovyote iwavyo haistahili kungojeshwa zaidi ya robo saa kabla ya kumiminiwa plasta. Ikifungwa kwa kitambaa kibichi husubiri kidogo zaidi, si sana. Kinachopanda basi ni nakala ya plasta iliyokwisha shika, ikiwa imefungwa kwa pamba ndani ya boksi. Hivyo sadaka ya trei bila mfuko wa plasta, na bila kopo la alijineti lenye mfuniko wa kukaza, haina kazi Handeni. Unga huo huharibika kwa joto na unyevu, na ukikorogwa kwa maji yenye joto huganda kabla haujafika kinywani.

Wapo wazee wanaoogopa kupimwa mwezi wa Ramadhani. Baraza la Kimataifa la Fiqhi katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa kuziba jino, kuling'oa na kusafisha meno hakufunguzi saumu iwapo mtu atajizuia kumeza kile kinachofika kooni. Kuchukua kipimo ni kwepesi kuliko hayo. Mgonjwa akae wima, ainamishe kichwa mbele kidogo na apumue kwa pua. Mwenye kutapika upesi na aweke miadi baada ya Idi.

Tuliporudi Handeni na majibu haya, akina mama walikwenda kwa tabibu wao kuuliza, kabla ya trei, habari za mashine ya mvuke. Ipo, wakaambiwa, ila mpira wa mfuniko wake umekatika na mvuke unavuja. Fedha ya kwanza ya sadaka yao imenunua mpira huo. Trei zitafuata mchango wa mwezi ujao, insha'Allah.